Kikaratasi Mguuni

Ndege wa kwanza niliyemfahamu kwa karibu nilimla. Alikuwa tetere, amenasa kwenye ulimbo tulioupika mimi na binamu yangu nyuma ya magofu ya Gede. Hawe, mama yake baba, alimnyonyoa, akambanika juu ya makaa, akatugawia paja moja moja. Paja la tetere halijazi hata pengo la jino, lakini hadi leo nakumbuka tulivyoramba vidole.

Hawe alikuwa na swali moja kwa kila mtoto aliyetoka porini: "Mmepata?" Kwake, na kwa hiyo kwetu sote, ndege walikuwa mafungu mawili. Kulikuwa na wa kuliwa, kina tetere, ninga, kwale na kanga. Halafu kulikuwa na bundi, ambaye akilia juu ya paa mtu mzima huchukua kijinga cha moto akatoka nje kumfukuza, maana kaleta habari ya msiba. Waliobaki wote, waliojaa msitu wa Arabuko-Sokoke uliokuwa jirani yetu, hawakuwa na fungu. Walikuwa kelele za asubuhi tu.

Mmoja peke yake alikuwa na nafasi yake. Kila mwaka masika yakishashika, ndani ya magofu, pale majani makavu yanapolala chini ya miti mikubwa kama mkeka, alitokea ndege mfupi, mnene, mwenye mkia usiofaa kuitwa mkia. Mgongo kijani, tumbo jekundu, kitambaa cheusi machoni, madoa ya buluu mabawani. Alirukaruka ardhini, akafukua majani, akasimama kama anayesikiliza, akarukaruka tena. Tulimwita ndege wa magofu. Hatukuwahi kumlenga kwa manati, na si kwa huruma: hawe alisema kila kilichomo magofuni kina wenyewe. Miezi michache baadaye hayupo. Hakuna aliyeuliza amekwenda wapi.

*

Mwaka 2009 nilikuwa Nairobi, askari wa usiku kwenye majengo matatu ya ofisi huko Westlands, yote ya vioo toka chini hadi juu. Zamu ikiisha nilitembea kwa miguu hadi Ngara nilikopanga chumba, ili nauli ibaki mfukoni, na njia yangu ilipita Museum Hill. Jumatano moja mwenzangu wa kunipokea lindo alichelewa mno. Nilipofika Makumbusho ilikuwa yapata saa tatu, na pale uwanjani niliwakuta watu kama ishirini, wazee wastaafu, wanafunzi, Wazungu wawili watatu, wote wameinua shingo kama wanaomtazama mtu aliyekwama juu ya mnazi.

Kichakani nyuma yao kulikuwa na mlio ninaoujua, ule unaoshuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa. Nikajisemea kwa sauti, "Mvua hiyo."

Dada mmoja akageuka. "Umesema nini, kaka?"

"Tipitipi. Kwetu akilia hivyo tunaanua nguo."

Akacheka, akavua darubini yake shingoni akanivika. Nilihangaika nayo kama mtu anayetafuta tundu la sindano, mpaka tipitipi akaingia ndani ya duara. Jicho lake lilikuwa jekundu. Miaka yote ile nimemsikia, nimeanua nguo kwa ajili yake, sikuwahi kujua kwamba ana jicho jekundu.

Wale walikuwa wanachama wa Jumuiya ya Historia Asilia ya Afrika Mashariki, ambayo siku hizi wengi huiita Nature Kenya. Iliundwa mwaka 1909 na maafisa wa kikoloni, wamisionari na walowezi waliopenda wadudu, mimea na wanyama, na rais wake wa kwanza alikuwa Frederick Jackson, mkusanyaji ndege ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Vitu walivyokusanya ndivyo vilivyozaa makumbusho ya kwanza ya Nairobi, yakahamahama, hadi jengo la Museum Hill lilipofunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Coryndon. Matembezi ya Jumatano asubuhi yalianza 1971 yakiongozwa na Fleur Ng'weno, na kwa miongo mingi yeye ndiye aliyewashika mkono wageni kama mimi. Mwaka niliojikwaa kwao jumuiya ilikuwa inatimiza miaka 100. Mimi sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba nimekosa usingizi, na kwamba Jumatano inayofuata nitarudi.

Nikarudi. Tulikwenda Karura, Arboretum, City Park, na mara kwa mara kwenye mabwawa ya maji taka ya Ruai, ambako ndege ni wengi na pua hulipa kodi. Mwisho wa kila matembezi tulisoma orodha kwa sauti, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Kuzumburu? Yupo. Chozi? Yupo. Mwewe? Yupo. Shorwe? Yupo. Baada ya miezi mitatu nikachoka na shorwe. Nikamuuliza yule dada kwa nini tunamwandika kila Jumatano, ndege ambaye hata kipofu anajua yupo.

"Siku asipokuwepo," akasema, "utamthibitishiaje mtu kwamba alikuwepo?"

Nilidhani ni maneno ya mwalimu. Lakini wazee wa kundi letu walikuwa wakisimulia tumbusi wa zamani kama watu wanaosimulia mtaa uliobomolewa: walivyojaa juu ya mzoga barabarani, walivyoikalia miti mpaka matawi yakainama. Mizoga ikaanza kutiwa sumu ya kuulia simba na fisi, tumbusi wakala, wakafa kwa makundi. Mwaka 2015 spishi 4 za tumbusi wa Afrika zilipandishwa hadi daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Uamuzi kama huo haufanywi kwa masimulizi ya wazee. Unafanywa kwa sababu kuna watu waliohesabu tumbusi wakati ambapo kumhesabu tumbusi kulionekana kazi ya mtu asiye na kazi.

*

Baada ya mwaka mmoja niliomba kujitolea kwenye idara ya ndege ya Makumbusho. Sikuwa na cheti chochote cha kisayansi. Nilikuwa na mikono, na asubuhi zisizo na shughuli.

Nyuma ya kumbi ambazo wageni hutembelea kuna vyumba ambavyo wanafunzi wa ziara hawavioni. Makabati ya chuma yamepangwa safu kwa safu, na ukifungua mlango unapokewa na harufu ya dawa ya nondo. Ukivuta trei, ndege wamelala chali kwa mstari, miguu imepishanishwa, macho ni pamba nyeupe. Ni maelfu kwa maelfu, kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki. Kila mmoja amefungwa mguuni kikaratasi kidogo chenye mwandiko.

Mzee niliyekabidhiwa kwake alikuwa fundi wa kuchuna na kukausha. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kunawa mikono, kwa kuwa ndege wa zamani walipakwa arseniki ili wadudu wasile manyoya yao, na arseniki haina kustaafu. Sheria ya pili ilikuwa kushika ndege mwili, kamwe si kikaratasi. "Manyoya yakichomoka," alisema, "bado tuna ndege. Lebo ikichomoka, tuna manyoya."

Siku moja nilivuta trei ya ndege wadogo wa kahawia wenye michirizi kifuani, wale ambao hata mtu wa darubini huwapita. Nikainama kusoma jina la kisayansi: Anthus sokokensis. Nikalisoma tena. Sokoke. Msitu wetu, tuliokwenda kutafuta kuni na asali, ulikuwa umelala pale ndani ya kabati la chuma kwa Kilatini, na jina hilo lilikuwa limetolewa mwaka 1921. Hawe alikuwa hajazaliwa. Hakuna mtu Gede aliyewahi kuniambia kwamba tuna ndege anayeitwa kwa jina letu. Nadhani hakuna aliyejua.

Siku hiyo nilijisikia fahari, na jioni fahari ikageuka kitu kingine. Nilianza kusoma vikaratasi kwa jicho la askari: nani aliingia, nani alitoka. Kila lebo ina jina la mkusanyaji, na kwenye zile za kale jina ni la Kizungu. Lakini mimi nimekulia msituni. Najua mgeni haingii Sokoke peke yake akatoka na ndege asiyeonekana. Kuna aliyemwonyesha mlio, kuna aliyepanda mti, kuna aliyechuna usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta. Hao lebo haikuwa na mstari wao.

Mzee alinisikiliza nikilalamika, kisha akaniambia habari za Jali Makawa. Huyu alikuwa mtu wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyemkusanyia ndege mtaalamu C. W. Benson kwa miaka mingi. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, alipatikana ndege mdogo ambaye hakufanana sawasawa na yeyote aliyejulikana. Mwaka uliofuata akapewa jina Pogoniulus makawai. Hajapatikana mwingine tena hadi leo. Wataalamu wamebishana kama kweli ni spishi ya pekee au ni wa kawaida aliyetoka na rangi isiyo yake, na hata vipimo vya vinasaba vya siku za karibuni vimemsogeza upande wa wale wa kawaida. Vyovyote iwavyo, yuko kwenye hifadhi ya ndege ya Tring, Uingereza, mmoja peke yake, na jina alilobeba ni la Mwafrika.

"Mmoja," nikasema.

"Mmoja," mzee akakubali. "Sasa wewe shika kalamu."

*

Ilikuwa Aprili, au siku za mwanzo za Mei, mwaka 2010. Kutojua kwangu ndiyo hadithi yenyewe.

Asubuhi ya mvua, mfagiaji wa majengo yetu alinikabidhi kitu ndani ya pakiti tupu ya unga. "Wewe ndiye mtu wa ndege," akasema. Nilipofungua, mikono ilinilegea. Mgongo kijani, tumbo jekundu, kitambaa cheusi machoni. Ndege wa magofu, shingo imevunjika, kilomita mia kadhaa kutoka magofuni. Mama wa kibanda cha maziwa alinikubalia nimhifadhi kwenye friza yake. Nikapigiwa simu ya msiba nyumbani, nikasafiri, nikazika, nikarudi, nikashika zamu mbili za mwenzangu aliyenishikia. Ndipo nikampeleka.

Mzee alimpokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto. Vitabu humwita pita wa Afrika. Akamlaza juu ya meza, akachukua kikaratasi, akafungua kalamu.

"Wapi?"

"Westlands."

"Wapi Westlands?"

Nililinda majengo matatu. Sikuwa nimemuuliza mfagiaji alimwokota chini ya jengo lipi, na mfagiaji mwenyewe alikuwa ameshahamishwa.

"Lini?"

"Wiki ile kabla sijasafiri. Au mwisho wa ile iliyotangulia." Nikaona kalamu imesimama hewani, nikaona haya, nikataka kuisaidia ishuke. "Andika tarehe 28 Aprili, mzee. Itakuwa karibu na hapo."

Akaifunga kalamu. "Karibu na hapo si tarehe, kijana. Ukiacha wazi, anayekuja atajua hatukujua. Ukiandika 28, atajua uongo, na hatakuwepo wa kumwambia."

Akaandika Nairobi, Westlands, Aprili au Mei 2010, aliokotwa chini ya jengo la vioo. Chini yake akaandika jina langu.

Kisha akaniita nisogee. Alitenganisha manyoya ya tumbo, akapasua ngozi kutoka kidari kushuka chini, mstari mmoja. Kila damu ilipotokeza alinyunyiza unga wa mahindi, ikanyweka. Akakata miguu kwenye maungio kwa ndani, akakata shina la mkia, kisha akaanza kuivuta ngozi kuelekea kichwani taratibu, mithili ya mtu anayemvua mtoto fulana yenye shingo finyu. Mabawa, masikio, macho. Ubongo ukatolewa kwa nyuma, fuvu likaachwa ndani ili mdomo upate kushikilia. Mwili ukabaki kando, mdogo kuliko paja la kuku, ndege akabaki upande mwingine, ndani nje. Chini ya ngozi kulikuwa na mafuta ya manjano.

"Umeona haya? Ni akiba ya njiani. Huyu huzaa kusini, Tanzania, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji, wakati wa mvua zao. Mvua zikiisha anapanda kaskazini, anasafiri usiku. Taa za mji humvuta, kioo humpokea." Akaanza kujaza pamba. "Wewe si mtu wa Gede? Wenzake wengi hupumzika pwani, kwenu huko. Labda huyu alikuwa anakuja kwenu."

Sikujibu. Nilikuwa nalipwa kulinda vioo vile.

*

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na ndugu zangu, faida ya kuweka maelfu ya ndege wafu kwenye kabati wakati walio hai wanakosa mahali pa kukaa. Ni swali la haki. Zamani watu walikusanya kwa pupa, na wapo waliojaza masanduku kwa sifa tu. Siku hizi wengi wanaoingia kwenye trei ni kama yule pita, wa kuokotwa, waliogongwa na magari au kupigwa na madirisha.

Jibu nililojifunza ni la mayai ya Uingereza. Kwa miaka mingi watu huko walikuwa na mchezo wa kukusanya mayai ya ndege, wakayatoboa, wakayafyonza, wakayaweka kwenye visanduku na kuandika mahali na tarehe. Ulikuwa mchezo wa uharibifu. Lakini kozi walipoanza kupungua na mayai kupasuka viotani, mtafiti Derek Ratcliffe alirudi kwenye visanduku vile, akalinganisha uzito na ukubwa wa maganda, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba ghafla mnamo 1947, wakati dawa ya DDT ilipokuwa inaanza kumwagwa mashambani. Waliokusanya mayai yale hawakuwa wakichunguza sumu, na DDT ilikuwa haijawapitia akilini. Walichofanya sawasawa ni kimoja tu: waliandika tarehe. Laiti mmoja wao angeandika "karibu na hapo", shahidi wake angekataliwa mahakamani.

Nililikumbuka hilo Januari 2011, siku ya kuhesabu ndege wa majini. Hesabu hiyo hufanywa kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye maziwa ya Bonde la Ufa na mabwawa ya Nairobi, na watu wa kawaida wenye darubini ndio jeshi lake. Nilipangwa Ruai. Kuhesabu kundi la bata kuna ufundi wake: unahesabu kumi mmoja mmoja, unaukariri ukubwa wa ile kumi kwa jicho, kisha unaipima juu ya kundi zima kama mama anayepima kitambaa kwa mkono. Nilipima haraka, maana harufu ilikuwa imenishinda, nikaandika 400. Aliyesimama nami aliandika 260. Kiongozi wetu hakugombana na mtu. Alikaa juu ya ukuta wa bwawa akasema tutahesabu upya, na tutahesabu tena mpaka tukubaliane. Tulikubaliana kwenye 270 na kitu, jua likiwa utosini. Ile mia na zaidi niliyoongeza haikuwa bata. Ilikuwa njaa yangu ya kwenda nyumbani.

*

Desemba mwaka huo nilichukua likizo nikaenda Ngulia, Tsavo Magharibi. Pale kuna hoteli juu ya genge, na tangu mwaka 1969 watu hukutana hapo mwishoni mwa mwaka kuvisha ndege pete. Usiku usio na mwezi, ukungu ukifunika kilima, ndege wahamiaji kutoka kaskazini hupotewa na njia, wakaona taa za hoteli, wakashuka kama mvua. Nyavu nyembamba huwapokea kabla na baada ya kupambazuka. Kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko ya nguo, kila mfuko una ndege mmoja, kuipeleka mezani wanakopima bawa na uzito, wakamfunga pete nyepesi yenye namba, na kumwachia.

Nilimkumbuka mzee. Pete ni lebo ya ndege aliye hai, ila kikaratasi hiki kinasafiri. Mamia ya maelfu wamevishwa pale, na baadhi ya pete zimesomwa Urusi na Uarabuni.

Asubuhi ya pili nilifundishwa kumshika mmoja, shingo kati ya vidole viwili, mgongo kwenye kiganja. Alikuwa wa kahawia asiye na urembo wowote, Acrocephalus palustris, uzito wake gramu 12 hivi. Moyo wake ulipiga kwenye kidole changu kama saa iliyoharibika. Aliyekuwa anaandika aliniambia kwamba ndege huyu huzaliwa Ulaya, hana wa kumfundisha wimbo, kwa sababu baba yake huacha kuimba makinda yakiwa bado madogo. Basi huokota sauti za ndege wengine njiani. Mtafiti mmoja aliyewasikiliza Ubelgiji, utafiti uliochapishwa mwaka 1979, aligundua kwamba dume mmoja huiga kwa wastani spishi 76, na zaidi ya nusu ni ndege wa Afrika. Mbelgiji anayefungua dirisha Juni anasikia milio ya vichaka vya Afrika, na huenda hajui.

Nilifungua kiganja. Hakuniaga.

Nimelifikiria jambo lile kuliko mengine yote ya miaka ile. Ndege yule hahitaji cheti ili abebe habari za mahali alipopita. Anachobeba ni kile alichosikia kweli. Mimi nilizaliwa ndani ya habari nikazipita, nikaja kuzisoma Nairobi kwenye kikaratasi cha mgeni.

Kwa hiyo habari ya mwaka 2013 ilinigusa pabaya na pazuri. Kuna ndege wa jamii ya mnana anayepatikana kaunti ya Kilifi tu, duniani kote. Alielezwa kisayansi mwaka 1913 kwa jina Ploceus golandi. Tangu siku hiyo alikuwa na jina na trei yake, ila hakuna aliyeweza kusema anajenga wapi kiota. Miaka 100 ikapita. Mwezi Machi 2013, huko Dakatcha kaskazini mwa Sokoke, watu wa kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi msitu pamoja na wanachama wa jumuiya walivikuta viota kwenye kinamasi cha mvua, vimefumwa kwenye nyasi za majini. Kinamasi kile hujaa na kukauka mbele ya macho ya majirani zake. Safari hii, lebo ilikuwa na mstari wa wenyeji.

*

Niliacha lindo miaka mingi iliyopita. Hawe hayupo. Yule mzee amestaafu, na pita wetu bado amelala kwenye trei, chali, na kikaratasi chenye pengo. Kila nikipita Nairobi huenda kumtazama. Wageni wakiniuliza kwa nini tarehe haijakamilika, nawaambia mimi ndiye niliyeikosa, na kwamba pengo lile ndilo jambo la kweli zaidi nililowahi kuchangia sayansi.

Mwezi Juni uliopita nilikuwa Gede. Nilimchukua mtoto wa dada yangu, ana miaka tisa na manati shingoni, tukaingia magofuni mapema. Tulikaa juu ya ukuta wa nyumba ya watu wasiojulikana majina. Muda mrefu hakukuwa na kitu ila majani. Kisha majani yakajitikisa, na yeye akatokea, mfupi, mnene, tumbo jekundu, akarukaruka mara tatu akasimama kama anayesikiliza. Nilimshika mtoto mkono, si kwa sababu ya manati. Nilihitaji kushika kitu.

Alipoingia nyuma ya mzizi, mtoto akanong'ona, "Mjomba, mbona hukumpata?"

"Nimempata," nikasema. Nikatoa daftari, nikaandika Gede, magofuni, kando ya ukuta wa kusini, mmoja, saa moja na dakika kumi asubuhi. Nikafika kwenye tarehe, kalamu ikasimama hewani. Niko likizo siku ya ngapi hii? Jana ilikuwa nini? Nikaanza kuhesabu vidole, na najua uso wangu ulivyokuwa, kwa maana mtoto alinionea huruma.

"Leo Jumatano, mjomba," akasema, akanyoosha mkono. "Lete niandike mimi."